Yule mlembe wa kwenye TV anayempeleka nyegere kwenye asali: kuna aliyewahi kumwona kwa macho?

#1 Kijana wa Isevya
Wakuu salaam.

Jana usiku nilikuwa kwa shemeji hapa Isevya, tumemaliza kula, wakaweka chaneli ya wanyama. Ikaja ile ya mlembe. Ndege anapiga kelele mtini, nyegere anatoka shimoni, anamfuata mti kwa mti mpaka kwenye nyuki. Nyegere anapasua, anakula asali, ndege anabaki na nta yake. Msimulizi anaongea taratibu kama anasoma risala ya harusi. Sebule nzima ikasema subhanallah.

Mimi nimezaliwa Tabora. Marehemu babu alikuwa na mizinga ya magome porini upande wa Sikonge, na likizo zangu zote ziliishia huko. Mlembe nimemfuata zaidi ya mara moja. Mlembe na nyegere pamoja sijawahi kuona, na babu hakuwahi kunisimulia, na yule mzee alikuwa anasimulia kila kitu, hadi vya kutosimuliwa wajukuu.

Swali: kuna mtu humu amewaona? Siyo kwenye TV, siyo kwenye kitabu cha shule. Kwa macho. Na kama hakuna, vipindi hivi vimetulisha mangapi mengine?

#2 Ngosha
Nyegere hana shida na ndege. Nyegere, wanavyosema, ana shida na sehemu za siri za wanaume waliolala vibaya hahaha. Nimekaa paleee nasubiri wataalamu.

#3 Babu Mzinga
Kijana, umenigusa kwenye kazi yangu. Nalina asali huu mwaka wa thelathini na kitu, nianze na yule ndege mwenyewe.

Mlembe akikuona hakai kimya. Anakaa tawi la wazi, anatoa sauti kama mtu anatikisa kiberiti chenye njiti nusu. Anapanua mkia unaona manyoya meupe ya pembeni. Unampigia mluzi ajue uko naye. Anaruka kidogo mbele, anakusubiri. Ukichelewa anarudi kukufuata, anakugombeza. Sasa sikiliza hapa: akinyamaza ghafla, simama hapo hapo. Usiende mbele. Tazama mashimo ya miti inayokuzunguka, jua likiwa upande wa pili utaona mabawa ya nyuki yanametameta. Umefika.

Nyegere ni habari nyingine. Huyo kwangu ni mwizi. Anapanda mti wa mtundu, anaangusha mzinga, asubuhi unakuta gome limepasuka katikati na majivu ya mwaka mzima wa jasho lako. Ndiyo maana siku hizi tunaning'iniza mizinga kwa waya, wengine wanazungushia shina bati. Nimemwona mara nne. Tatu usiku, moja alfajiri. Mlembe saa hizo amelala kama kuku. Sasa ndege aliyelala atamwongoza nani?

#4 Kijana wa Isevya
Asante mzee wangu. Hilo la usiku ndilo lililokuwa linanisumbua tangu jana.

#5 Mwalimu wa Bayolojia
Mzee Mzinga nakuheshimu, ila nikusahihishe padogo: nyegere hatembei usiku tu. Palipo na watu wengi anajificha mchana, palipo patulivu anatembea hata saa nne asubuhi. Wewe umemwona usiku kwa sababu mchana upo wewe.

Kuhusu swali la mleta uzi, limeshafanyiwa utafiti. Mwaka 2023 watafiti walichapisha mahojiano na walina asali karibu 400 wa jamii 11 za Afrika. Wakawauliza hilo hilo: umewahi kuona mlembe akimwongoza nyegere? Asilimia kama 80 walisema hawajaona au hawaamini. Lakini jamii tatu zilitofautiana na wenzao, wengi wakasema ndiyo, na zote tatu ni za Tanzania. Walioongoza ni Wahadzabe.

Kwa hiyo huwezi kusema ni uongo, na huwezi kusema ni kweli kila mahali.

#6 Ngosha
Yaani Afrika nzima hawajaona, tumeona sisi tu? Watanzania hatushindwi na mgeni mwenye daftari. Hii chai.

#7 Mkwe wa Eyasi
Ngosha punguza. Mimi nimeoa upande wa Karatu, Wahadzabe nimetembea nao. Wale wanaingia porini na upinde, kimyakimya, hawana panga la kupiga miti, hawana redio, hawana baiskeli inayolia. Wewe Mnyamwezi unaenda kulina na pikipiki. Nyegere atakusikia ukiwa bado Sikonge mjini. Wanaona kwa sababu wao wanaweza kuona.

#8 Babu Mzinga
Pikipiki ni ya juzi. Mimi nimetembea kwa miguu siku tatu na unga na chumvi tu. Mlembe wengi, nyegere pamoja naye hakuna.

Lakini nitakwambia kitu ambacho sijakiandika juu. Sisi tukishalina, masega machafu yenye watoto wa nyuki tunayaacha chini. Sega la mlembe tunalitenga juu ya jani, usipomwachia safari nyingine atakupeleka kwa nyoka, ndivyo tulivyofundishwa. Tukirudi kesho yake kupita pale, tunakuta nyayo za nyegere, na mlembe bado yupo mtini. Mtu akifika hapo kwa mara ya kwanza si atasema hawa wamekuja pamoja? Kumbe wote wamekuja kwangu.

#9 Mama Shani
Hapo mzee umemaliza. Anayewaongoza wote wawili ni wewe.

#10 Mwalimu wa Bayolojia
Hajamaliza mama. Huo ni uwezekano mmoja. Mwingine ni kwamba mlembe anamzomea nyegere kama anavyozomea nyoka, na nyegere alikuwa anaenda huko huko kwa pua yake. Wa tatu ni kwamba nyegere wenye akili wamejifunza sauti ile maana yake ni chakula. Tofauti ni kwamba mlembe na binadamu imethibitishwa. Mwaka 2016 kulikuwa na utafiti Niassa, Msumbiji, kwa Wayao. Wana mlio wao wa kumwita, wanautetemesha ulimi halafu wanamalizia kwa mguno: brrr-hm. Ukitembea unautoa mlio huo, uwezekano wa kupelekwa kwenye nyuki unapanda mara tatu kuliko ukitoa sauti nyingine yoyote.

#11 Ngosha
Nimejaribu brrr-hm hapa ofisini, bosi ameniuliza kama nimekula.

#12 Fundi King'amuzi
Mimi nafunga madishi na ving'amuzi Tabora mjini, mchana kutwa naangalia chaneli za wanyama nikipima mawimbi. Swali langu siyo mlembe. Nyegere kwenye hizo picha anafuata ndege na kamera imemtangulia mbele, inamsubiri anakuja usoni. Mpiga picha alijuaje ndege atatua mti upi? Huyo nyegere amefugwa. Ameshakula asali ya kopo.

#13 Mwalimu wa Bayolojia
Wa kipindi alichoona mleta uzi simjui, ila mchezo huo upo kweli. Kuna filamu ya Disney ya mwaka 1958 ilionyesha lemingi, vipanya vya nchi za baridi, wanajirusha baharini makundi kwa makundi wajiue. Dunia nzima ikaamini, hadi leo watu wanatumia kama mfano. Baadaye ikagundulika ilipigwa Alberta, Kanada, mkoa usio na bahari hata tone, na wale panya walinunuliwa wakasukumwa. Ilipata Oscar.

#14 Kijana wa Isevya
Duh.

#15 Fundi King'amuzi
Nilisema mimi. Na sauti je? Simba yuko umbali wa uwanja wa mpira mzima, unasikia anavyotafuna.

#16 Mwalimu wa Bayolojia
Sauti nyingi zinatengenezwa studio, hawafichi sana. Nyayo za dubu kwenye theluji ni unga wa kastadi ndani ya soksi, mtu anauminya mbele ya kipaza sauti. Na mwaka 2011 BBC walisemwa sana kwa wale watoto wa dubu mweupe kwenye Frozen Planet. Mtazamaji anadhani wapo pangoni kwenye barafu, kumbe walipigwa picha kwenye bustani ya wanyama Uholanzi. Walijitetea kwamba ukiweka kamera kwenye pango la kweli, mama dubu anaweza kuua watoto wake au kumla mpiga picha.

#17 Mama Shani
Na utetezi wao una maana. Mimi sioni kosa. Unataka mtu aliwe ili wewe uone watoto wa dubu?

#18 Fundi King'amuzi
Waandike chini ya picha, "hapa ni Uholanzi". Wino ni bei gani?

#19 Mwana Kibirizi
Kigoma tumefika, mmechelewa kutuita.

Nyie mnalalamikia msimulizi wa Kiingereza, hamjasikia wa kwetu. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilipofungwa tusivue, kuanzia 15 Mei mpaka 15 Agosti, hakuna dagaa, hakuna mgebuka, vijana wote wa mwalo tuko nchi kavu tunahesabu mawingu. Mwenye kibanda umiza akaona mpira umeisha, akaanza kuweka vipindi vya wanyama. Kiingereza hakuna anayekisikia, basi akasimama jamaa mmoja na kipaza sauti akawa anatafsiri. Kutafsiri gani! Simba dume akawa mume aliyetoroka na mahari. Fisi akawa mjumbe wa nyumba kumi. Pundamilia alipovuka mto anasema, "mama Rehema ninyanyulie mtoto huyo!" Mamba anaitwa bwana ushuru. Kibanda kinajaa mpaka madirishani, mia tano tano.

Siku ya mwisho wakaweka chaneli yenye Kiswahili chenyewe, sanifu, kimenyooka. Watu wakatoka. Wakadai hela yao.

#20 Ngosha
Bwana ushuru hahahaha. Huyo apewe kazi Safari Channel.

#21 Dada Ujiji
Hapo kuna jambo, msicheke tu. Tanzania Safari Channel ilizinduliwa Desemba 2018, nikafurahi nikasema sasa tutasikia wenyewe. Picha nzuri. Lakini maneno ni yale yale: "mandhari ya kuvutia, njoo utalii". Ni tangazo. Huyo jamaa wa kibandani anakosea kila kitu kuhusu simba lakini anajua anaongea na nani.

Na tukija kwetu. Sokwe wa Gombe wamepigwa picha kuliko mtu yeyote aliyezaliwa Kigoma. Tangu mama Jane Goodall, yule mtafiti wa sokwe, alivyofika mwaka 1962...

#22 Mwalimu wa Bayolojia
1960 dada. Tarehe 14 Julai. 1962 ni yule mpiga picha Mholanzi, Hugo van Lawick, aliyekuja kumwoa.

#23 Dada Ujiji
Asante, 1960, naye amefariki Oktoba 2025, Mungu ampumzishe. Sasa acha nimalizie.

Picha za huyo Mholanzi zilikaa kwenye makabati huko Marekani miaka, zaidi ya saa mia moja, zikatengenezewa filamu ya Jane mwaka 2017. Nimeiangalia mara mbili. Nzuri, sitaki kusema uongo, hata mimi nilitokwa machozi. Lakini mara ya pili niliamua niwatafute watu wetu. Niliwaona wamebeba mizigo, wanapita pembeni ya picha, hawaongei. Wakati Januari 1974, sokwe wa kundi la Kasakela walipomvamia Godi, dume wa kundi jirani la Kahama, shambulio la kwanza la vile vita vya sokwe wa Gombe, aliyekuwa pale anaangalia na kuandika ni Hilali Matama, mtu wa kwetu. Sokwe ana jina, ana mama, ana tabia. Mtu aliyemfuata sokwe huyo tangu alfajiri kwenye miiba, akipanda na kushuka mabonde yale, ni "msaidizi wa kienyeji".

Na Frodo, sokwe mwingine wa Gombe. Kwenye TV ni dume shujaa, bingwa wa kuwinda mbega. Mwaka 2002 alimnyang'anya mwanamke mtoto mdogo wa mwaka na kidogo humo humo hifadhini, akamuua. Ukiniambia asili ni nzuri, niambie yote.

#24 Mama Shani
Hilo la mtoto sikulijua. Pole kwa aliyefikwa.

#25 Kuhe Mkubwa
Dada Ujiji nakubali kuhusu watu, ila hivyo vita mama yule alivisababisha kwa ndizi. Aliwarundikia ndizi kambini, madume wakajazana sehemu moja, hasira zikapanda. Ni kama ukimwaga mchele kwa kuku.

#26 Mwalimu wa Bayolojia
Hoja hiyo imesemwa na wasomi wakubwa. Lakini mwaka 2014 jarida la Nature lilichapisha ulinganisho wa makundi 18 ya sokwe sehemu mbalimbali Afrika, wakaona kuua hakuendani na usumbufu wa binadamu. Wanauana hata wasikojua ndizi ni nini.

#27 Kuhe Mkubwa
Na waliofanya ulinganisho ni hao hao wa Gombe na wenzao. Nani atakubali ndizi zake zimeua?

Halafu kingine kinachoniuma. BBC mwaka 2018 wametengeneza Dynasties, kipindi cha sokwe, wakaenda Senegal. Senegal! Gombe ipo, Mahale ipo na watafiti wa Kijapani wako pale tangu 1965, sisi wa mwisho wa reli tumeachwa tunaangalia.

#28 Mkwe wa Eyasi
Senegal ni kukame, picha haizibwi na majani. Wewe umeshaenda Mahale? Saa tatu unaangalia makalio ya sokwe kichakani.

#29 Mwana Kibirizi
Waache sokwe wao, waje ziwani. Kina cha mita 1,470, Ziwa Baikal la Urusi tu ndilo limetuzidi. Nimekuwa mzamiaji wa samaki wa mapambo kabla ya dagaa. Kuna samaki wadogo kama kidole wanaishi ndani ya makombe ya konokono, kila mmoja na kombe lake, ukiligeuza anatoka kukutazama kama umeingia chumbani bila hodi. Kuna wanaobeba mayai mdomoni, mama hali chochote, mashavu yamevimba. Na kuna mmoja wa jamii ya kambare, ana madoa, anasubiri huyo mama anataga, anapita kasi anaangusha mayai yake katikati. Mama anayaokota yote. Watoto wa kambare wanatotolewa kwanza, wanawala wenye nyumba humo humo mdomoni.

#30 Babu Mzinga
Huyo ni mlembe. Mlembe naye hajengi. Anataga kwenye kiota cha wengine, kifaranga chake kinatoka na ndoano mdomoni, kinawatoboa wenzake kingali hakijafungua macho. Kwenye TV hawakuonyesha hilo kijana?

#31 Kijana wa Isevya
Hawakuonyesha mzee. Walimwonyesha kama rafiki mwema tu.

#32 Ngosha
Mlembe muuaji, sokwe muuaji, samaki muuaji. Na mimi nilikuwa naangalia nipate usingizi.

Mnaongelea watu kuachwa nje ya picha. Sisi wa Mwanza tuliwekwa ndani, tukajuta. Mnakumbuka ile filamu ya sangara wa Ziwa Victoria, Darwin's Nightmare, 2004? Hadi Rais Kikwete aliikemea 2006. Tulionekana tunakula mapanki, yale mabaki ya sangara baada ya minofu kutolewa, kama adhabu. Mapanki nimekula mimi utoto mzima, ya kukaanga, hakuna mzungu aliyeniuliza matamu kiasi gani.

#33 Dada Ujiji
Lakini minofu ilikuwa inapanda ndege kwenda Ulaya kweli, Ngosha.

#34 Ngosha
Ilikuwa inapanda. Sijakataa. Nasema angeniuliza.

#35 Mama Shani
Mimi nirudishe kwenye maandishi maana picha tumezichosha. Mwanangu yuko darasa la sita hapa Kiloleni. Anamjua pengwini, anajua dubu mweupe anatishiwa na nini. Juzi nimempeleka kwa bibi yake Urambo, nikamuuliza huu mti gani, akasema "mti". Ni mninga! Kitanda anacholalia ni mninga! Vitabu vyake vya Kiswahili vina sungura mjanja na fisi mlafi, lakini hakuna ukurasa mmoja unaomwambia mninga unanukiaje ukipasuliwa, au majani mapya ya miombo yanavyokuwa mekundu kabla mvua haijashuka. Wazungu wanaandika kitabu kizima juu ya ua moja la nyumba yao. Sisi hatuna maandishi ya hivyo.

#36 Mwalimu wa Bayolojia
Tunayo mama, ila tu hayako vitabuni. Miombo yenyewe wataalamu dunia nzima wanaiita kwa neno la huku, kutoka muyombo. Post namba 3 ya mzee ni nini kama siyo hayo?

#37 Mama Shani
Post namba 3 mwanangu hataiona. Hana simu na sitampa.

#38 Babu Mzinga
Mlete mtoto Sikonge mwezi wa sita. Aje na viatu vya kufunika.

#39 Fundi King'amuzi
Mzee na mimi nije? Nataka nimwone huyo nyegere asiyefugwa.

#40 Ngosha
Fundi lala kifudifudi tu.

#41 Kijana wa Isevya
Wakuu narudi na mrejesho. Jumamosi nilimfuata Babu Mzinga kambini, ndiyo, tumekutana, ni mtu kweli na anaongea zaidi ya anavyoandika. Mlembe alikuja saa tatu asubuhi. Tumemfuata kama dakika ishirini, akanyamaza, tukakuta nyuki kwenye shimo la mtundu. Tumelina, tukamtengea sega lake la saizi ya kiganja juu ya jani kubwa. Mzee akasema tulale hapo karibu.

Alfajiri, kabla jua halijatoka vizuri, nikasikia sauti ya kiberiti. Mlembe yuko juu. Chini, kama hatua thelathini, kuna kitu cheusi chenye mgongo mweupe kinatembea kwa mwendo wa mtu mwenye deni. Kikaenda moja kwa moja kwenye masega tuliyoyaacha. Nikamwamsha mzee. Mzee akaangalia akasema, "Huyo amefuata harufu yetu." Mimi nasema ndege alianza kulia kabla sijamwona nyegere. Mzee anasema ndege alianza kulia kwa sababu alimwona nyegere. Tumebishana mpaka chai ikapoa. La kwenye jani halikuwepo, na hatukuona nani kalila.

#42 Fundi King'amuzi
Picha?

#43 Kijana wa Isevya
Simu ilizima usiku, nilikuwa naitumia kama tochi.

#44 Ngosha
Chai.

#45 Mwana Kibirizi
Mkuu hiyo asali mliyolina lita ni bei gani, na treni ya kuja Kigoma inapita lini?